Pazia la Hoteli na Sufuria ya Githeri: Ramadhani ya Mkristo wa Isiolo

Assalamu alaykum, vijana wenzangu.

Nimeanza na salamu hiyo na mimi si Mwislamu. Ni Mmeru, Mmethodisti, mzaliwa wa Isiolo. Nimekulia Bulapesa, na pale ukipita mlango wa mzee bila kutoa salamu, habari itamfikia mama yako kabla wewe hujafika nyumbani. Ndugu mmoja anayefuatilia ukurasa huu aliniambia, "Andika basi, watu wajue Ramadhani inakuwaje kwa mtu asiyefunga katika mji wa watu wanaofunga." Nadhani alitarajia niandike kuhusu sambusa. Nitaandika kuhusu sambusa, usijali. Lakini kuna jambo limenikaa kooni miaka kadhaa, na naona hapa ndipo mahali pake.

Kwangu Ramadhani huanzia masikioni. Nyumba yetu na ya jirani zilitenganishwa na mabati tu. Saa tisa na nusu usiku nasikia kijiko kikigonga sufuria, mtoto analia hataki kuamka, mama yake anamwambia kama hataki daku basi asije kulia mchana. Halafu harufu ya chai ya maziwa ya ngamia inapita juu ya mabati, nami nimelala macho wazi, sifungi, lakini nimeamshwa kama wote. Mwezi mzima nilikuwa nasinzia darasani sawa na Waislamu, tofauti yangu ni kwamba mimi sikuwa na thawabu.

Nikiwa na miaka kumi na miwili niliona aibu kula peke yangu, nikaamua kufunga na marafiki zangu. Siku ya kwanza nilifika saa nane. Joto la Isiolo mnalijua, na ule upepo wenye vumbi unakausha mpaka ulimi. Nikaenda kwenye mfereji wa shule, nikainama kama mtu anayenawa uso, nikanywa. Walikuwa wamesimama nyuma yangu wote wanne. Mpaka leo, watu wazima wenye watoto, wakiniona na chupa ya maji wananiuliza, "Unanawa?"

Jioni ndiyo ilikuwa yetu sote. Kabla ya adhana ya magharibi, sahani ilikuwa inavuka mabati: sambusa tano, tende, bajia, wakati mwingine bakuli la shurba limefunikwa kwa sahani nyingine. Kila jioni, mwezi mzima, mwaka baada ya mwaka. Mama yangu hakuwahi kurudisha sahani tupu, ila alikuwa mwangalifu na anachoweka. Ndizi kutoka Meru, parachichi, sukari kidogo kwenye karatasi. Nyama iliyopikwa kwetu hakuipeleka hata siku moja, na hakuna aliyemwambia asiipeleke.

Krismasi ilipofika, baba hakuwa anachinja mbuzi mwenyewe. Alimwita mzee wa nyumba ile ya pili aje na kisu chake, aelekee kibla, aseme bismillahi, achinje. Kuna wazee wa kanisa walimlaumu kwa hilo, wakamuuliza kama amesilimu kimyakimya. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Aliwajibu kwamba nyama isiyoweza kuvuka ua ni nyama ya uchoyo. Mbuzi alikuwa wake, nyumba ilikuwa yake, na sikukuu ilikuwa yake. Angeweza kufanya atakavyo. Alichagua hivyo.

Nataka mshike hilo neno, alichagua, kwa sababu nitalirudia.

Kuna mambo mengine madogo ambayo mtu wa nje hawezi kuyajua. Hata miraa inajua kuna Ramadhani. Mchana wauzaji wa barabarani wanasinzia juu ya magunia, baada ya tarawehe ndiyo unaona soko. Tikiti maji zinapanda bei, na wanaozileta wengi ni watu wetu wa upande wa Meru, kwa hiyo msidhani huu mwezi ni wa baraka kwenu peke yenu. Na saa za tarawehe mimi nina kazi yangu maalumu: nakaa dukani kwa jirani mpaka amalize kuswali. Ananiachia funguo ya droo ya pesa. Miaka sita sasa. Hajawahi kuhesabu mbele yangu.

Mwaka 2025, Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, na Ramadhani ilikuwa na siku chache tu tangu ianze. Basi Wakatoliki wa mtaa nao walikuwa kwenye Kwaresima, nyumba moja inafunga hivi, nyingine inafunga vile, na sisi Wamethodisti katikati tukabaki kama wageni waliokuja bila zawadi.

Sasa tufike penye mwiba.

Niliwahi kuwa weita katika hoteli moja hapa mjini. Jina nitaliacha. Tulikuwa wafanyakazi kumi na mmoja. Ramadhani ya kwanza nikiwa pale, tajiri alitundika pazia la kitambaa kizito mlangoni. Ndani tulihudumia madereva wa malori ya Moyale, wagonjwa, watoto, wasiofunga. Aliyepita nje hakuona mtu akitafuna. Nilipenda lile pazia. Lilikuwa linamwambia anayefunga, tunakujali, na linamwambia mwenye njaa, karibu.

Ramadhani ya tatu pazia halikutundikwa. Jioni moja kabla ya mwezi kuandama, tajiri alituita akasema hoteli itafungwa mchana, itafunguliwa jioni tu kwa futari, na kwa kazi hiyo watu wanne wanatosha. Sisi saba tuonane baada ya Idd. Mshahara? "Hii ni ibada, kijana, si biashara."

Alikuwa mtu mzuri, na sisemi hivyo kwa kejeli. Alimpa kila mmoja wetu mfuko wa mchele, unga, mafuta na tende. Mchele ulikuwa mzuri kuliko tuliozoea kununua. Lakini mwenye nyumba wangu hapokei mchele. Mwezi ule niliuza simu yangu nikalipa kodi, na dada mmoja kati ya wale saba alimtoa mtoto shule wiki mbili kwa sababu ya karo. Na dada huyo alikuwa Mwislamu. Katika wale saba, Waislamu walikuwa wawili. Kwa hiyo msinisikie vibaya, sisemi tulifukuzwa kwa sababu ya msalaba. Nasema ibada ya mtu mmoja ililipiwa na mifuko ya watu saba ambao hakuna aliyewauliza.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Anakuwa na haki za mwajiriwa wa mwezi, na notisi ni mojawapo. Haondolewi kwa neno la jioni. Sisi tulikuwa na miaka pale. Hatukujua, na hakuna aliyetuambia. Katika dini yenu kuna mafundisho juu ya ujira wa mfanyakazi na jasho lake ambayo mnayajua vizuri kuniliko, nami sina mamlaka ya kuwasomea dini yenu. Nauliza tu kwa nini kila Ramadhani nasikia mawaidha mengi juu ya sadaka, na machache sana juu ya mshahara. Mfuko wa mchele ni sadaka, na nilishukuru. Mshahara ulikuwa haki yangu. Ukichukua cha pili ukanipa cha kwanza, sijui tukiite nini.

Jambo la pili lilitokea kwenye mjengo.

Kuna mama alikuwa anapika githeri chini ya mti karibu na jengo lililokuwa linajengwa. Wateja wake ni mafundi na wabeba zege, wengi wao kutoka Meru na Turkana. Hakuwa barabarani. Ramadhani moja, mchana wa saa sita, walikuja vijana wanne. Hawakumpiga, hawakumtukana, na nataka niseme ukweli huo. Mmoja alisimama juu ya sufuria akamwambia aifunike, aondoke. Mafundi wakabisha kidogo. Yule kijana akasema, "Kama anataka kupika mchana, apande Meru."

Mama akafunika. Aliweka sufuria kwenye mkokoteni ikiwa bado ya moto, akaenda. Wale wabeba zege waliendelea kupanda ngazi na karai kichwani mpaka saa kumi bila kitu tumboni, bila nia ya kufunga. Mmoja wa wale vijana ni mtu ninayemjua, tumecheza mpira pamoja. Nilimuuliza jioni. Akaniambia, "Si tulimwambia kwa heshima?"

Lile neno la kupanda Meru lilinikaa, na nilijua nimelisikia mahali. Ilinichukua siku kadhaa kukumbuka. Nililisikia kanisani kwangu.

Wengi wenu mlikuwa wadogo, kwa hiyo niwakumbushe. Mwaka 2014 katika Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Paulo Kiwanjani, hapa hapa Isiolo, shule ya kutwa inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, yalitolewa maombi kwamba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare ya shule. Kanisa likaenda mahakamani kupinga. Kanisa langu. Machi 2015 Mahakama Kuu ya Meru ililipa kanisa ushindi. Mzazi mmoja, Mohamed Fugicha, akakata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikageuza uamuzi: wasichana waruhusiwe. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba kanuni inayoonekana sawa kwa wote inaweza kumuumiza mmoja peke yake, na hapo usawa unakuwa wa jina tu. Kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, ikaufuta uamuzi wa Rufaa kwa sababu ya utaratibu, kwamba madai ya mzazi yule hayakuwa yamefikishwa mahakamani ipasavyo tangu mwanzo. Ikamwachia nafasi aanze upya Mahakama Kuu. Jaji Ojwang hakukubaliana na wenzake.

Miaka yote hiyo, kwenye viti vya kanisa letu nilikuwa nasikia sentensi moja: "Wakitaka hijabu, si waende shule zao?" Iliniudhi sana. Shule zao zipi? Kiwanjani ni kwao. Wale wasichana ni majirani zangu, kitambaa cha kichwani hakikumzuia mtu yeyote kusoma hesabu. Nilibishana na mjomba wangu mpaka tukaacha kusalimiana kwa muda, na mnajua kwetu hilo si jambo dogo. Nilisimama na wale wasichana, na ningesimama nao tena leo.

Sasa weka sentensi hizo mbili pamoja. Wakitaka hijabu, waende shule zao. Akitaka kupika, apande Meru. Mimi nashindwa kuona tofauti. Zote mbili zinasema: hapa ni petu kwa sababu tuko wengi, na wewe upo kwa ruhusa.

Najua mtanijibu kwamba hali si sawa, na mna hoja. Katika sensa ya 2019 Waislamu walikuwa kama milioni 5 katika watu milioni 47 wa Kenya. Nyinyi ndio mnaosimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani na kuulizwa kitambulisho mara mbili. Nyinyi ndio mnaopeleka watoto shule za bweni ambako hakuna anayefikiria daku. Hilo nililiona kwa macho yangu. Nilisoma bweni upande wa Meru, na wavulana wa Isiolo na Marsabit waliofunga walikuwa wanaficha ugali wa jioni kwenye sanduku, wanaula saa kumi alfajiri, baridi, mgumu kama tofali, gizani, kwa sababu kuwasha taa saa hiyo ni kosa. Jikoni wangeweza kuwawekea chai kwenye jagi la moto. Hakuna aliyekataa, ila hakuna aliyeuliza. Huo ndio uzito wa kuwa wachache, na nyinyi mnaujua mgongoni. Ndiyo maana naleta hoja hii kwenu na si kwingine. Mtu ambaye hajawahi kula ugali gizani sitegemei anielewe. Nyinyi nawategemea.

Kuna wanaoniambia nishukuru, kwingine ni kubaya zaidi. Kweli. Oman sheria yao ya adhabu inamfunga anayekula hadharani mchana wa Ramadhani. Machi 2024, polisi Zanzibar walikamata watu kwa kula hadharani mchana, na maswali yakaulizwa kote Tanzania kwamba ni kwa sheria ipi. Binamu yangu alifanya kazi za nyumbani Riyadh, na kwake shida haikuwa kula. Alikuwa anakula jikoni mlango umefungwa, basi. Shida ilikuwa usingizi: wageni wa futari, vyombo, daku, vyombo tena, halafu asubuhi watoto. Anasema mwezi mtukufu aliukumbuka kwa miguu kuvimba. Lakini hata huko mambo yanabadilika. Dubai mwaka 2021 mikahawa iliambiwa haina haja tena ya kutundika mapazia mchana wa Ramadhani.

Isiolo si Dubai wala Riyadh. Sisi tuna Katiba ya 2010, na kifungu cha 8 kina maneno machache tu: hakuna dini ya serikali. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dini, na kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake au kunyimwa kazi kwa sababu ya dini. Ni kifungu hicho hicho mnachokitaja mkitetea hijabu. Sijawahi kuona kimewekewa mpaka pale daraja la kuingia mjini.

Na hapa ndipo narudi kwa neno langu la kuchagua. Mchana wa Ramadhani mimi sili barabarani. Sitembei na chupa ya soda. Nikitaka sigara, na hiyo ni aibu yangu nyingine, naenda nyuma ya ukuta. Dada yangu anapika mchana na mlango umerudishwa. Hakuna polisi, hakuna askari wa kaunti, hakuna kijana aliyesimama juu ya sufuria yetu. Tunafanya hivyo kwa sababu ya ile sahani iliyokuwa inavuka mabati. Ukiniamuru, nitafanya vilevile, pengine. Lakini kitu ulichokuwa unapokea kama zawadi umekigeuza kodi, na watu hulipa kodi wakinung'unika. Wale mafundi wa mjengo, ambao kabla ya siku ile walikuwa wanakula wamegeuza mgongo barabarani kwa hiari yao, siku iliyofuata walikuja na mikate na soda, wakakaa mbele kabisa, wakatazama wapita njia. Sikuwaunga mkono. Lakini sikushangaa.

Ninachoomba si kikubwa. Mnajua kuandika barua, mnajua kukaa na maimamu, mnajua kumpata wakili, nimeona mkifanya hivyo kijana wenu akikamatwa. Basi kabla ya mwezi kuandama tena, kaeni na wenye hoteli. Anayetaka kufunga mchana ana haki ya kufunga, mali ni yake na imani ni yake, ila awalipe watu wake au awape notisi mapema watafute kwingine. Hesabu ya mishahara ya watu saba kwa mwezi haizidi futari kubwa mbili za wageni waheshimiwa, nimezihudumia, nazijua. Asiyeweza kulipa atundike pazia. Na yule kijana anayedhani analinda Ramadhani kwa kusimama juu ya sufuria ya mama mwenye watoto watatu, mwiteni nyinyi. Akiitwa na mimi, litakuwa jambo la Mmeru na Mborana kabla ya jua kuzama, na mji huu tunajua mambo hayo yanavyokwenda. Akiitwa na nyinyi, ni ndugu anazungumza na ndugu.

Yule mama alirudi baada ya Idd, chini ya mti ule ule. Mwaka uliofuata, Ramadhani ilipokaribia, hakusubiri kuambiwa. Alinunua mabati mawili yaliyotumika akajenga kibanda kisicho na dirisha. Joto la mle ndani saa sita mchana silielezi. Githeri ni ile ile, lakini amepandisha sahani shilingi kumi, anasema ni ya mabati.

Mimi Ramadhani ijayo, saa za tarawehe, nitakuwa dukani kwa jirani kama kawaida. Mkipita karibuni, ila msije kukopa sukari. Daftari la madeni ameniambia nisiliguse.